Usinyamazie Gari Linalovuma

Kuna mvumo ambao ukipita barabarani naacha spana na kuinua kichwa. Si mlio wa ekzosi iliyotoboka, wala si mkwaruzo wa brekipedi zilizokwisha. Ni mvumo mzito wa chini, kama ndege unayoisikia kabla hujaiona. Gari likiongeza kasi nao unapanda, likipunguza nao unashuka. Gereji yetu iko Bombolulu, Mombasa, hatua chache kutoka barabara ya Malindi, na hapo hupita vyombo vya kila aina: matatu za Mtwapa, Probox za samaki, tuktuk, malori ya kokoto. Haipiti siku bila mimi kuusikia mvumo huo. Ni beringi ya gurudumu inayokufa, na dereva ndani ameongeza sauti ya redio.

Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu maneno ya pale gereji hayatoshi. Mtu huja na haraka zake, anaambiwa, anaitikia, anaondoka. Breki zikilegea ataogopa. Tairi likiwa kipara ataliona, na polisi nao wataliona. Beringi imejificha ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, huioni hata ukichuchumaa, na inaharibika polepole mpaka masikio ya mwenye gari yanazowea. Mara nyingi anayegundua ni mtu aliyelipanda gari kwa mara ya kwanza: mama mkwe, au mgeni aliyepokewa stesheni ya SGR kule Miritini. Yeye ndiye anayeuliza, "Mbona gari yavuma hivi?" Naye hujibiwa kwamba ni barabara.

Beringi ya gari dogo yaenea kiganjani. Ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na baina yake gololi zilizopangwa kwenye kizimba chembamba ili zisigongane, grisi ya kuzilainisha, na sili ya mpira kila upande. Hakuna zaidi ya hapo. Uzito wa gari, wa watu na wa mizigo, kila shimo na kila tuta, vyote hupita kwenye gololi hizo ndipo vifike kwenye lami. Chuma chake kimesuguliwa kikalainika kiasi kwamba hata punje ya mchanga ikiingia ni msiba.

Juzi nilitoa moja ya nyuma kwenye Probox, nikaikata pete ya nje kwa grenda ili mwenyewe aone. Grisi ilikuwa imegeuka nyeupe ya kijivu, nyepesi, imechanganyika na maji. Njia ya gololi, ambayo hutakiwa iwe laini yote, ilikuwa na vishimo; vingine vidogo vya kuonekana kwa tochi tu, vingine vipana vya kuingia ncha ya ukucha, na chuma kimebanduka magamba. Sehemu moja ilikuwa imeiva rangi ya buluu. Hiyo ni alama ya moto. Chuma cha beringi kikishafika rangi hiyo kimepoteza ugumu wake, na kuanzia hapo hakuna grisi ya kukirudisha. Yule bwana aliipitisha kidole mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza za upande wa pili zikoje.

Hapa pwani tuna adui ambaye watu wa bara hawamjui sana, nayo ni maji ya chumvi. Wanaovuka Likoni kila siku wanajua hali inavyokuwa bamvua likijaa: gari laingia au latoka kwenye feri magurudumu yakikanyaga maji. Sasa chukua gari lililokuja mbio kutoka Ukunda. Habu zimepata moto, hewa iliyomo ndani imetanuka. Likiingia majini habu inapoa ghafla, ile hewa inasinyaa, na mvuto wake unafyonza maji kupitia mdomo wa sili. Sili mpya itazuia. Sili iliyochoka haitazuia, na chumvi ikishaingia haitoki kwa kuoshwa. Wenye trela za mashua kule Mtwapa wanalijua vizuri jambo hili, maana trela zao hushushwa majini na habu zikiwa bado na moto wa safari. Mwenye busara husubiri zipoe kwanza.

Mvua za masika nazo ni hivyohivyo. Barabara zetu zikijaa maji mwezi wa nne na wa tano, ukapita mahali yamefika katikati ya gurudumu, hesabu kwamba beringi zimeonja. Si lazima zilie siku hiyo. Kutu huanza taratibu na mvumo huja baadaye, wakati umeshasahau ile mvua. Na kwenye kuosha magari, mwambie kijana asielekeze bomba la presha kwenye habu. Presha ile yapita sili kirahisi kuliko maji ya bahari.

Mengine yanayoziua ni ya kawaida: mashimo, kupanda ukingo wa barabara kwa kasi, kupakia kupita kiasi. Niongeze moja kwa vijana wanaopenda rimu pana zilizotokeza nje ya bodi. Gurudumu likisogea nje, uzito haukai tena pale beringi ilipotengenezewa kuubeba. Unaikwanyua upande mmoja muda wote. Gari linapendeza, lakini nimebadilisha beringi za magari hayo mapema mno, tena zilizokuwa nzuri.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, kwa maana wengi huamini kwamba mwisho wa beringi mbovu ni kelele tu. Kelele ni mwanzo. Vishimo vikiongezeka, nafasi baina ya gololi na njia yake inapanuka, na gurudumu linaanza kucheza. Hapo diski nayo inayumba, na kila inapoyumba inazisukuma brekipedi zirudi nyuma ndani ya kalipa, kile chuma kinachozibana kwenye diski. Ukija kukanyaga breki, pedeli inashuka kuliko ulivyozowea kabla haijashika. Inabidi ukanyage mara ya pili. Fikiria mara hiyo ya pili wakati mtoto amekatiza mbele yako Kongowea. Watu huja kwangu wakisema breki zina hewa, kumbe chanzo ni beringi. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki, pia huweza kuwaka, kwa sababu sensa haisomi tena vizuri, na tairi linaliwa upande upande.

Hatua inayofuata ni moto. Grisi inayeyuka na kutoka, utaiona imetapakaa ndani ya rimu. Kizimba kinavunjika, gololi zinakusanyika upande mmoja, na kuanzia hapo hakuna fundi anayeweza kukuambia zimebaki kilomita ngapi. Gurudumu linaweza kujifunga ghafla, gari likavutwa upande huo. Au linaachia. Kwenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kule mbele kuna ekseli iliyopita katikati ya beringi na kukazwa kwa nati kubwa. Hiyo hushikilia kwa muda. Nyuma hakuna ekseli ya kuvuta. Habu ikikatika, gurudumu linaondoka na diski au dramu yake. Kwenye dramu ni mbaya zaidi: ukikanyaga breki wakati dramu haipo, pistoni za silinda zinasukumwa nje na mafuta ya breki yanamwagika. Umepoteza gurudumu na sehemu ya breki kwa pigo moja.

Nililiona hilo kwa macho, barabara hiihii ya Malindi. Pikapu iliyojaa madafu ilikuwa yaelekea mjini, na watu walikuwa wamekwisha kumpungia mkono dereva kwamba gurudumu la nyuma latikisika. Liliachia. Pikapu yenyewe ilikaa chini ikaburura chuma, cheche zikaruka, ikasimama; dereva hakuumia. Gurudumu halikusimama. Lilikuwa na kasi ileile ya gari na sasa halina mzigo, likaruka ukingo, likampiga kijana wa boda aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake akisubiri abiria. Alivunjika paja. Kijana yule hakuwa na gari, hakujua beringi ni nini, na hakuna aliyemuuliza kama anakubali safari ile iendelee. Ndiyo maana mtu akiniambia, "Ni gari langu, nitajua mwenyewe," sinyamazi.

Tuktuk nazo zanitia wasiwasi wake peke yake, kwa kuwa mbele lina gurudumu moja tu. Beringi yake ikikatika hakuna la pili la kusaidia. Wenye tuktuk, kila tairi la mbele likitolewa kuzibwa pancha, zungusheni beringi kwa kidole kabla ya kulirudisha. Ni kazi ya dakika moja.

Malori ya makontena yana hadithi nyingine. Trela nyingi hutumia beringi za rola zenye umbo la kuchongoka, ambazo Henry Timken, mtengenezaji wa mabehewa ya farasi huko Marekani, alizipatia hataza mwaka 1898 akitafuta namna ya gurudumu kubeba uzito wa wima na wa pembeni kwa pamoja. Ni beringi imara, lakini zinahitaji kurekebishwa kwa mkono na kutiwa grisi upya. Nati ikikazwa kupita kiasi zinaungua, ikilegea zinacheza. Habu ya trela ikishika moto, grisi inawaka na tairi linafuata, na moto wa tairi hauzimwi kwa chupa ya maji. Dereva anayesimama Mariakani au Voi akapitisha kiganja karibu na kila habu, bila kuigusa, akasikiliza ipi imezidi wenzake joto, huyo ni dereva wa kweli.

Utajuaje la kwako? Tafuta barabara laini isiyo na msongamano. Mimi napenda kipande cha Dongo Kundu asubuhi. Zima redio, funga vioo, nenda kasi ya kilomita 60 kwa saa hivi. Peleka gari kushoto taratibu, kisha kulia, kwa kiasi cha kuhama leni. Ukielekea kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya kulia. Ukizidi ukielekea kulia, shuku ya kushoto. Haiwi hivyo kila mara, lakini mara nyingi hunipa pa kuanzia. Tairi lililoliwa mabondemabonde nalo huvuma, na hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa kwa kubadilisha kisicho kibovu. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma: mvumo ukihama nazo, ni tairi. Tena mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami chakavu ukaingia lami mpya. Wa beringi hukufuata vilevile.

Kisha piga jeki, na utie stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Shika tairi juu na chini, vuta huku unasukuma kule. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, tafuta kwenye boljointi na vyuma vyengine vya chini. Baada ya hapo zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike springi ya shoki. Hili nilifundishwa na mzee aliyenilea kikazi pale Mwembe Tayari, na hadi leo sijapata kifaa kinachonipa uhakika kuliko vidole. Beringi nzima huzunguka na springi ikatulia kimya. Mbovu hutetema, unasikia ukwaruukwaruu unapanda kwenye waya wa springi hadi kwenye mifupa ya mkono, hata kama sikio halijasikia kitu. Na jihadhari: beringi nyingi za siku hizi hukwisha bila kucheza hata kidogo. Gurudumu lisilocheza si ushahidi kwamba liko salama.

Mwalimu mmoja wa Likoni, mama wa makamo, aliniletea Vitz yake. Nilimwamkia, akaitikia, akasema, "Fundi, watu waniambia yavuma. Mimi hata siisikii tena." Nilipoipiga jeki nikamwomba ashike springi ya nyuma kulia huku mimi nikizungusha. Aliutoa mkono haraka.

"Ni mchanga huo?"

"Ni chuma, mwalimu. Kimebanduka."

Alifikiri kidogo. "Yaweza kunifikisha mwisho wa mwezi?"

"Asubuhi wabeba watoto?"

"Wangu na wawili wa jirani."

"Basi gari ilale hapa, mama. Mshahara ukitoka utanilipa."

Aliondoka na matatu. Sikufanya jambo kubwa. Kwa gari dogo kama lile, beringi nzuri pamoja na kazi yake mara nyingi haifiki bei ya tairi moja jipya, na mimi sikuweza kumkabidhi ufunguo nikijua nani atakaa kiti cha nyuma juu ya gurudumu lile.

Mafundi wenzangu, nanyi nina neno lenu, kwa maana beringi nyingi huuliwa na sisi siku ileile zinapowekwa. Beringi ya kuingizwa kwa presi, mashine ya kusukumia, ikigongwa nyundo, kila pigo linapita kwenye gololi na kuacha alama kwenye njia yake. Itatoka gereji iko kimya. Haitachukua muda itaanza kuvuma, na mteja atalaumu spea. Kama huna presi, peleka kwa mwenye presi, umlipe. Ukiiingiza kwenye makao yake, isukume kwa pete ya nje. Ukiingiza habu ndani yake, iegemeze kwa pete ya ndani. Nguvu isipite kwenye gololi hata mara moja. Magari mengi ya karibuni yana beringi yenye sumaku upande mmoja, ambako sensa ya ABS husoma mzunguko, na kwa macho upande huo wafanana na sili ya kawaida. Ikiwekwa kinyume, taa ya ABS itawaka na kazi yote itafunguliwa upya.

Halafu nati. Nati ya ekseli ya mbele ya Corolla nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 216, na hicho si kipimo cha kukisia kwa kurukia bomba lililochomekwa kwenye spana. Beringi nyingi za mbele hutegemea mkazo huo ili pete zake zibanwe sawasawa. Nati za tairi ni 103. Spana ya kupimia mkazo ni ghali, nakubali, lakini mimi nilinunua yangu kabla ya kununua mashine ya hewa, na ningefanya hivyo tena.

Kuhusu kununua: majina makubwa ya beringi, SKF ya Sweden iliyoanza mwaka 1907, na NSK, NTN na Koyo za Japani, ndiyo yanayoigwa zaidi, kwa pakiti zinazofanana hadi rangi. Bei ikiwa chini kupita kiasi, jiulize. Watengenezaji kupitia chama chao cha dunia wana programu ya simu iitwayo WBA Bearing Authenticator, ambayo husoma alama ya pakiti za kampuni zilizojiunga; itumieni kabla ya kulipa. Habu iliyotumika, ile iliyong'olewa kwenye gari kuukuu, mimi simwekei mteja. Haina kitabu cha kukuambia ilibeba nini au ilizama wapi.

Na kama mvumo umegeuka mkwaruzo wa chuma ukiwa njiani, usijaribu kufika. Punguza kasi kwa kuachia mafuta, usikanyage breki kwa nguvu, usikate kona kali, toa gari nje kabisa ya barabara na uwashushe watu upande usio na magari. Usiimwagie maji habu iliyopata moto, wala usiiguse. Brekidauni ikija, hakikisha gurudumu bovu ndilo linaloinuliwa, au gari zima lipandishwe juu. Nimeona gari likivutwa kutoka Mazeras na gurudumu bovu likizunguka chini njia nzima, na waliolivuta wakiamini wamelisaidia.

Ukifika kwa fundi, yeyote yule, mwambie mambo matatu: mvumo unaanzia kasi gani, unazidi ukielekea upande gani, na gari lilipita majini lini mara ya mwisho. Kisha mwombe akuonyeshe ile beringi ya zamani baada ya kuitoa, uizungushe mwenyewe kwa kidole.